Kupima Ubongo wa Mtoto Aliye Tumboni

*Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi. Msemaji ni mwanachama mwenzetu, daktari wa picha za tiba.*



Kwanza natoa shukrani kwa kamati kwa heshima iliyonipa. Barua ya Ndugu Katibu ilinitaka nieleze kazi yangu kwa lugha ambayo hata kijana wa kidato cha pili ataifuata mpaka mwisho. Nitajaribu. Nimechagua jambo moja tu katika kazi hiyo, nalo ni namna tunavyoupima ubongo wa mtoto akiwa bado yumo tumboni mwa mama yake. Sababu zangu ni mbili. Ya kwanza, ndani ya jambo hili mna hesabu na fizikia mnazofundishwa humu humu. Ya pili, walimu wetu wa kike watanisamehe, lakini wengi tuliomo ukumbini ni wanaume. Ama ni baba tayari, ama tutakuwa baba. Jambo hili lina sehemu yake inayotuangukia sisi, na nitaifikia kabla sijaketi.

Kazi inayofanyika gizani

Ubongo huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Wiki nne hivi baada ya mimba kutungwa, wakati mama mwenyewe pengine hajajua kuwa ni mjamzito, utando utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo umekwisha kujikunja ukawa mfano wa mrija, na mrija huo umefungwa ncha zote mbili. Usipofungwa vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi maji hujikusanya kichwani na kichwa kikawa kikubwa. Ndiyo maana wauguzi husisitiza mwanamke anayetarajia kushika mimba aanze kumeza vidonge vya foliki asidi mapema, kabla mimba haijaingia.

Mimba ikifika wiki 20, yaani nusu ya safari, uso wa ubongo bado karibu wote ni laini kama yai lililomenywa. Baadaye mikunjo hujitokeza mmoja baada ya mwingine kwa utaratibu unaojulikana, hata mtaalamu akiitazama anaweza kukisia umri wa mimba. Siku ya kuzaliwa ubongo una uzito wa gramu 350 hadi 400 hivi. Wa mtu mzima ni gramu 1,300 au 1,400. Kwa hiyo zaidi ya robo ya jengo hili imesimama kabla mtoto hajavuta pumzi ya kwanza, na miaka mingi hakuna aliyeweza kuchungulia akaona linajengwaje.

Sauti isiyosikika

Zamani njia pekee ya kumwona mtoto tumboni ilikuwa eksirei. Lakini eksirei huonyesha mifupa. Ubongo wenyewe hauonekani. Tena, kuanzia mwaka 1956, daktari Alice Stewart na wenzake wa Oxford walitoa taarifa kwamba watoto waliopigwa eksirei wakiwa tumboni walipatwa na saratani ya utotoni zaidi kuliko wenzao. Ilibidi itafutwe njia nyingine.

Njia hiyo ilitoka kiwandani. Mafundi wa chuma walikuwa na chombo cha kupeleka mawimbi ya sauti ndani ya chuma ili kutafuta nyufa zilizojificha. Mwaka 1955 daktari wa uzazi wa Glasgow, Ian Donald, alichukua uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa wake akaupeleka kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox huko Renfrew, akaupima kwa chombo hicho cha mafundi. Aliona kwamba uvimbe mgumu na mfuko wa maji hutoa mwangwi tofauti. Akashirikiana na fundi Tom Brown na daktari John MacVicar, na mwaka 1958 wakachapisha picha zao za kwanza, zikiwamo za kichwa cha mtoto tumboni. Ndio mwanzo wa kipimo ambacho leo kila mtu anakiita ultrasaundi.

Vijana, sikilizeni jinsi kinavyofanya kazi. Sikio la binadamu haliwezi kusikia sauti yenye mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde. Chombo tunachokipitisha juu ya tumbo la mama hutoa sauti yenye mitetemo milioni 2 hadi 5 kwa sekunde, kisha kinanyamaza na kusikiliza mwangwi. Ndani ya mwili sauti husafiri kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde. Basi, mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, sauti imesafiri sentimita 15.4, kwenda na kurudi. Gawanya kwa mbili: kilichoirudisha kiko umbali wa sentimita 7.7 kutoka kwenye ngozi. Kompyuta hufanya hesabu hiyo maelfu ya mara, ikaweka nukta kwa kila mwangwi, na nukta zikijaa unaona kichwa.

Mwaka 1968 daktari Stuart Campbell alichapisha njia bora ya kupima upana wa kichwa, kutoka mfupa wa upande huu hadi wa upande ule. Baadaye ikaonekana upana peke yake hautoshi, maana kichwa cha mtoto hubanwa tumboni kikawa chembamba na kirefu, bila ubongo kupungua hata chembe. Kwa hiyo sasa tunapima mzingo wote. Kichwa kikikatwa kwa picha kutoka pajini hadi kisogoni kina umbo la duaradufu. Tuseme upana ni milimita 48 na urefu ni milimita 62. Jumla ni 110. Nusu yake ni 55. Zidisha kwa pai, yaani 3.14, upate mzingo wa milimita 172.7. Huyo ni mtoto wa wiki 20 hivi, na hesabu hiyo ni ya darasani kwenu.

Ndani ya fuvu tunaangalia zaidi. Kuna vyumba viwili vya maji, kimoja kila upande. Upana wake mahali tunapopima haupaswi kufika milimita 10, na kiwango hicho hakibadiliki tangu katikati ya mimba mpaka mwisho. Kuna ubongo mdogo ulioko kisogoni, ambao katika wiki za katikati ya mimba upana wake kwa milimita hukaribiana na idadi ya wiki: milimita 20 kwa wiki ya 20. Na mwaka 1986 daktari Kypros Nicolaides, Campbell na wenzao wa London walionyesha kwamba mtoto mwenye mgongo wazi hujulikana kwa kutazama kichwa chake: fuvu hubonyea mbele likafanana na limau, na ubongo mdogo hujipinda kama ndizi. Hata leo tunasema hivyo hivyo, limau na ndizi, na kila mwanafunzi wa udaktari anaelewa.

Pale ultrasaundi inapoonyesha jambo la kutia shaka, iko mashine ya MRI, inayotumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio. Huko Aberdeen walipiga picha za wajawazito kwa MRI tangu mwaka 1983, lakini kila picha ilichukua muda mrefu na mtoto hakai kimya. Siku hizi picha moja huchukua chini ya sekunde moja, na kompyuta huzipanga picha nyingi zikawa umbo kamili, hata ujazo wa ubongo na kina cha mikunjo yake vikapimwa. Ni mashine ya bei kubwa, na hospitali nyingi za kwetu hazina. Kwa hiyo kazi kubwa bado inabebwa na ultrasaundi, na mpimaji aliyefundishwa vizuri.

Kipimo kimoja si ukuaji

Sasa nafika kwenye kiini cha maneno yangu. Mtu akikuambia kijana fulani ana urefu wa sentimita 150, je, anakua vizuri? Hutajibu mpaka uulize ana miaka mingapi, na mwaka jana alikuwa na urefu gani. Mtoto wa tumboni ni hivyo hivyo. Mashine hutupa ukubwa. Ukuaji tunaupata kwa kujua tarehe na kwa kupima tena.

Chukueni mzingo wa kichwa wa sentimita 25. Mimba ikiwa ya wiki 28, kichwa hicho ni cha kawaida kabisa. Mimba ikiwa ya wiki 32, kichwa hicho hicho ni kidogo mno, na daktari anapaswa kushtuka. Namba ni moja na mtoto ni mmoja. Kinachotofautisha habari njema na mbaya ni wiki nne za kalenda.

Aliwahi kuja kwangu mama mmoja na karatasi kutoka mahali pengine, imeandikwa kwamba ubongo wa mtoto wake haukui. Wiki zake 32 zilihesabiwa kwa kukisia, maana alianza kliniki akiwa amechelewa na hakukumbuka tarehe ya hedhi yake ya mwisho. Alikuwa halali usiku, na ukoo ulikwisha anza vikao. Nilipima kichwa, tumbo, mfupa wa paja na ubongo mdogo. Vyote vilielekea wiki 28. Lakini hilo peke yake halikutosha, kwa kuwa mtoto aliyedumaa sawasawa kila kiungo naye angeweza kuonekana hivyo. Nikamwomba arudi baada ya wiki tatu. Kichwa kilikuwa kimetoka sentimita 25 hadi 27 na milimita 8, mwendo mzuri kabisa kwa umri ule. Akajifungua wiki 12 baada ya siku ile ya kwanza, mtoto mzima mwenye sauti kubwa.

Kwa nini wiki tatu, na si siku tatu? Kuanzia wiki ya 20 hadi ya 30 mzingo wa kichwa huongezeka kwa karibu sentimita moja kila wiki. Mkono wa mpimaji, hata aliye hodari, unaweza kukosea kwa milimita kadhaa. Ukipima leo na keshokutwa, kosa la mkono ni kubwa kuliko ukuaji wenyewe. Asiyeweza kungoja hapimi ukuaji. Anapima mtetemo wa mkono wake.

Iko na hatari ya upande wa pili. Kondo la nyuma likishindwa kumlisha mtoto, mwili wake hupeleka damu kwanza kwenye ubongo na moyo. Tumbo linakonda, kichwa kinaendelea. Anayetazama kichwa tu atasema mambo ni salama, kumbe mtoto yumo katika njaa. Ndiyo maana tangu miaka ya 1970 kichwa hulinganishwa na tumbo. Na ikiwa kipimo cha pili na cha tatu vinaonyesha kichwa nacho kimesimama, hapo tunajua shida ni ya kweli, na mama huyo apelekwe panapostahili bila kupoteza siku.

Pishi ya nani?

Tukishapata namba na tarehe, tunailinganisha na chati. Hapo pana swali lingine. Ukinunua mchele kwa pishi, unataka kujua pishi hiyo ni ya nani, maana pishi za wenye maduka hazilingani. Chati nazo ni pishi. Kwa miaka mingi chati zilizotumika sehemu nyingi duniani, zikiwamo kliniki za kwetu, zilitokana na wajawazito wa hospitali chache za Ulaya na Marekani.

Mwaka 2014 zilichapishwa chati za mradi wa INTERGROWTH-21st, ulioongozwa kutoka Oxford. Wajawazito zaidi ya 4,300, wenye afya na lishe nzuri, walipimwa kila baada ya wiki tano hivi katika miji ya nchi nane: Brazil, China, India, Italia, Kenya, Marekani, Oman na Uingereza. Nairobi imo na Muscat imo. Mpimaji hakuonyeshwa namba wakati wa kupima, asije akaivuta ifanane na aliyoitarajia. Walichokiona ni kwamba, mama akiwa na afya na chakula cha kutosha, vichwa vya watoto hukua kwa kufanana sana toka nchi hadi nchi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likatoa chati zake kutoka nchi kumi, Kongo ikiwa mojawapo, nazo zikaonyesha kwamba uzito wa watoto tumboni hutofautiana kiasi kati ya nchi na nchi. Mjadala unaendelea, na si vibaya. La muhimu ni kwamba chati isomwe kama chati. Tukiwapanga watoto 100 wenye afya kwa mstari, lazima wawepo watatu walio nyuma ya wote, na bado ni wazima. Anayeanguka chini ya mstari huo anastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, hajahukumiwa.

Brazil iliyaona haya kwa uchungu. Mwaka 2015 wakunga na madaktari wa kaskazini-mashariki ya nchi ile walianza kupokea watoto wengi wenye vichwa vidogo. Daktari Adriana Melo, wa mji wa Campina Grande, aliona kwa ultrasaundi mabadiliko mazito katika ubongo wa watoto wawili wakiwa bado tumboni, akapeleka maji ya uzazi yakapimwe. Yakakutwa na virusi vya Zika. Neno hili lisiwachanganye na kuzika kwetu. Ni jina la msitu ulioko karibu na Entebbe, Uganda, ambako virusi hivyo vilipatikana kwa mara ya kwanza mwaka 1947 katika damu ya nyani wa utafiti. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura.

Mwanzoni nchini Brazil mtoto aliyetimiza miezi yake, akizaliwa na kichwa cha sentimita 33 au chini, aliingizwa katika orodha ya wanaoshukiwa. Lakini wastani wa mtoto wa kike mzima ni kama sentimita 34. Orodha ikajaa watoto wazima, na majumba yakajaa hofu. Desemba 2015 kiwango kikashushwa hadi 32. Upande wa pili, walikuwapo watoto waliozaliwa na kichwa cha kawaida, kisha picha za ubongo zikaonyesha madhara ya virusi vile vile. Tepu ilimsingizia huyu na ikampita yule. Kilichosaidia kutenganisha ni kutazama ndani, na kuwafuatilia watoto kadiri muda ulivyokwenda.

Sehemu yetu

Ndugu zangu, akina baba wachache wanaoingia na wake zao chumbani kwangu huniuliza swali moja: wa kiume au wa kike? Naomba kuanzia leo mwongeze mengine matatu. Mimba hii ina wiki ngapi, na mmejuaje? Kichwa kimekua kiasi gani tangu kipimo kilichopita? Turudi lini?

Maswali hayo hayana jibu zuri ikiwa mama amefika kliniki mwezi wa saba. Katika wiki 13 za mwanzo mtoto hupimwa kutoka utosini hadi matakoni, na umri wa mimba hujulikana kwa kupungua au kuzidi siku tano hadi saba tu. Mwishoni mwa mimba, kipimo kimoja kinaweza kukosea umri kwa wiki tatu. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mjamzito aonwe kliniki mara ya kwanza kabla ya kumaliza wiki 12, na apate angalau ultrasaundi moja kabla ya wiki 24. Nauli ya kwenda kliniki mapema, nani anayo mfukoni? Ruhusa ya kuacha shamba au duka asubuhi ile, nani anaitoa? Katika nyumba nyingi ni sisi. Mama akichelewa tunamlaumu yeye, na hali funguo tunazishika sisi.

Tuandikeni tarehe ya hedhi ya mwisho ukutani kama tunavyoandika deni. Tuitunze kadi ya kliniki kama tunavyotunza hati ya kiwanja, maana namba ya pili haina maana pasipo ya kwanza. Na ikija karatasi yenye neno la kutisha, tusiitishe kikao cha ukoo juu ya kipimo kimoja. Tuulize, tupime tena, na mama asiachwe peke yake na hofu hiyo usiku.

Nanyi vijana, kazi hii inataka watu. Inataka wapimaji, mafundi wa mashine, na watu wa hesabu watakaotengeneza chati kutokana na watoto wa kwetu wenyewe. Anayechukia duaradufu leo huenda kesho akaitegemea kumwambia mama kwamba mtoto wake ni mzima.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Mimi naongeza kwamba ufa wenyewe huonekana kwa yule aliyetazama ukuta mapema, akaurudia tena.